Mkono Usiolijua Sikio

Mehrunnisa hakuwa mtu wa kustaajabia watu, na watu wa filamu ndio kabisa. Alikuwa amewaimbia zaidi ya miaka ishirini, akiwa nyuma kwenye safu ya waitikiaji, wale wanawake wa sari za pamba wanaozunguka kipaza sauti kimoja na kuvuta "aaa" huku malkia wa wimbo akipumzisha koo lake kwa maji ya moto. Katika miaka yote hiyo hakurudi nyumbani hata siku moja na neno zuri juu ya yeyote kati yao. Mwigizaji aliyekuwa akililiwa na wasichana wa Bombay nzima, yeye alimwita Nywele.

"Leo Nywele alikuja studio," angesema akivua makubadhi mlangoni. "Ameomba wimbo upunguzwe mwendo ili mdomo wake uufikie. Mdomo tu, maana sauti anaazima. Hata kufumbua na kufumba kunamshinda."

Sisi majirani wa lile baraza refu la ghorofa ya pili, kule Bhendi Bazaar, tulikuwa tukimngoja arudi kama watu wanavyongoja gazeti. Alikuwa akiketi na beseni lake la mchele, anachagua mawe na kuchagua watu, na mawe ndiyo yaliyopata huruma zaidi.

Alizaliwa ndani ya muziki kama wengine wanavyozaliwa dukani. Baba yake, Ustadh Niyaz Ali Khan, alitoka Moradabad na sarangi begani, kile chombo kizito cha nyuzi kinachosimamishwa mapajani na kuchezwa kwa upinde, nyuzi zake zikisukumwa kwa kucha, mpaka kucha zinaota sugu. Alikuja Bombay akidhani filamu zitamheshimu. Filamu zilimwita mtu akifa tu. Mama wa shujaa akikata roho, sarangi. Baba akifilisika na kuanguka ngazini, sarangi. Mwenyewe alikuwa akisema amezika watu wengi kuliko wachimba makaburi, na wote walifufuka jioni wakaenda kula kuku.

Mehru hakuna aliyemfundisha. Alijua kwa kusikia, kutoka upande wa pili wa pazia, kama wanawake wa nyumba zile walivyojua mambo mengi. Aliolewa na mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi, akakaa naye miaka miwili, kisha akarudi kwa baba yake na sanduku lake. Alipoulizwa kulikoni alijibu, "Anapiga tarumbeta hata akiomba chumvi." Habari ya ndoa ikaishia hapo. Mama yake alipokufa, alimlea mdogo wake Shabbir, akamvusha mpaka akapata mke na watoto, na wote wakaishi pamoja katika vyumba viwili vile vile.

Sasa, kuna jambo moja la nyumba ile ambalo hamna budi kulijua. Mtu wa muziki wa kule hataji jina la ustadhi wake hivi hivi. Akilitaja, vidole vinakwenda kugusa ncha ya sikio, kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Ni kuomba radhi: mimi ni nani hata nikutaje. Ustadh Niyaz Ali alikuwa akinyoa ndevu pale barazani kila asubuhi, na jirani mmoja mtani alipenda kumtegea. "Ehe, yule ustadhi wako alikuwa akiitwa nani vile?" Mzee aliweka wembe chini, akagusa sikio, akasema, "Baqar Husain," halafu akaendelea kunyoa na povu limemganda sikioni. Watoto wake hawakuelekezwa kufanya hivyo, wala hakuna mtoto wa mpiga muziki anayeelekezwa. Mkono unajifunza wenyewe, kama mguu unavyojifunza kizingiti cha nyumbani gizani.

Na kupata haki ya kulitaja jina hilo kama lako si jambo la mlangoni. Ustadhi anakufunga uzi mwekundu mkononi mbele ya watu, anakutia kinywani dengu na kipande cha sukari guru, na tangu hapo wewe ni mtoto wake, utapigwa na utalishwa. Ustadh Niyaz Ali alifunga nyuzi hizo kwa watu wachache sana maishani mwake. Kedar Sabharwal hakuwa mmoja wao.

Kedar Sabharwal ni yule mtunzi wa muziki ambaye jina lake lilikuwa likiandikwa peke yake kwenye pazia la sinema, herufi nyekundu, ngoma zikilia. Alikuja Bombay kuuza vinanda vya mkono, akagundua kuwa wanaonunua vinanda wana nyimbo, na nyimbo hazina kufuli. Alianza kuja kwa mzee na mfuko wa machungwa. Anakaa mkekani, anafumba macho, anatikisa kichwa. "Ustadh, hebu tena ile ya kabla ya hii." Mzee anapiga tena. Mtu akikusikiliza vile, utamkatalia nini?

Siku moja mzee akapiga wimbo ambao mama yao akina Mehru alikuwa akiuimba, wa wanawake wa Moradabad wanapomtoa bibi harusi nyumbani kwao. Haukupita mwaka, wimbo ule ukasikika mkahawani chini ya nyumba, redio ikiwa juu, na ngoma za Kizungu zikiukimbiza. Kwenye filamu aliuimba mwanamke aliyevaa manyoya, akiwamiminia walevi glasi zao. Mzee aliusikiliza barazani mpaka mwisho. Kisha akamwambia Mehru, "Mgeni akija tena, mpe chai. Sarangi ifunike."

Tangu siku hiyo jina la Kedar katika nyumba ile likawa Mgeni. Mzee alipokufa, Mgeni hakuonekana mazikoni. Alituma shada la maua, jina lake juu yake likiwa kubwa kuliko la marehemu.

Miaka ikaenda, na mashine zikaingia studio. Kijana mmoja akikaa mbele ya kinanda cha umeme alitoa sauti ya fidla ishirini, mbaya zote, lakini ishirini. Shabbir alikuwa mpiga fidla, kwa kuwa sarangi haikuwa na mteja tena hata kwa misiba. Alizoea kuondoka asubuhi na kisanduku chake. Sasa aliondoka nacho, akakaa nje ya studio na wenzake wakinywa chai, akarudi nacho. Mehru naye waitikiaji walishapunguzwa. Alisema ni afadhali, masikio yake yamepona.

Katika mwaka huo Baraza la Muziki wa Jadi likatangaza kuwa litamvisha Kedar Sabharwal shali la heshima. Watu wa muziki walicheka mpaka tambuu ikawatoka. Gazeti moja likauliza kwa maneno machache sana: mtu huyu ustadhi wake ni nani? Kwa watu wale, kuulizwa hivyo na kukosa jibu ni kama kuulizwa baba yako ni nani sokoni, mchana. Mgeni akaanza kutafuta ustadhi. Alimtaka mkubwa wa jina, mdogo wa ukoo, na zaidi ya yote marehemu.

Alikuja na gari lililoziba kichochoro chote. Alikuwa amenenepa, nywele amezipaka rangi nyeusi kama kiwi ya viatu, na mbele yake alitangulia karani wake, Pathare, mtu mwembamba aliyebeba boksi la vitamutamu. Shabbir alikimbilia kumbusu mikono. Mehru alileta chai na sambusa, akakaa penye beseni lake.

"Dada yangu," Kedar akaanza, "nyumba hii ndiyo iliyonifanya niwe mtu."

"Tunaomba radhi," Mehru akasema.

Shabbir akacheka haraka ili ionekane ni utani. Kedar akacheka pia, akachukua sambusa. Akaeleza: shughuli ni Jumapili alasiri, ukumbi utajaa, waziri atakuwepo. Yeye atasimama aseme alivyokuwa mwanafunzi wa nyumba hii, tangu ujana wake. Bibi Mehrunnisa atakaa jukwaani na sarangi ya marehemu mapajani. Hana haja ya kusema kitu. Akitazamwa, atikise kichwa.

"Maana dunia haijui," alisema sambusa ikiwa nusu mdomoni, "jinsi Niyaz Ali alivyonipenda."

Mkono wa Shabbir ukapanda sikioni wenyewe, ukashuka. Wa Mehru pia, na vidole vyake vina vumbi la mchele. Akautazama mkono wa Kedar. Ulikuwa unakamua ndimu juu ya sambusa ya pili.

"Na huyu kijana," Kedar akaendelea, akimpiga Shabbir begani, "kiti cha kwanza cha fidla. Cha kudumu. Mashine yangu ni ya nyimbo ndogo. Nyimbo zangu kubwa zinataka watu."

Alipoondoka, aliwaachia harufu ya manukato na makombo kwenye mkeka. Shabbir alikuwa bado amesimama mlangoni, anatazama gari linavyorudi kinyumenyume.

"Usiseme kitu, dada," alisema bila kugeuka. "Nakujua. Usiseme."

"Sijasema."

"Unachagua mchele kwa nguvu."

"Mchele una mawe."

Shabbir akaja akachuchumaa mbele yake. Alikuwa mtu mzima, masharubu yameanza mvi, lakini akichuchumaa vile alikuwa yule yule aliyekuwa akimwomba ruhusa ya kwenda kutazama mechi. "Baba amekufa, dada. Amekufa na jina lake zuri, na jina haliliwi. Mimi niko hai. Nakaa nje ya studio kama mtu anayengoja maiti itolewe. Mke wangu ameacha kuniuliza. Unajua mke akiacha kuuliza ni nini?"

Mehru alijua. Pembeni ya beseni lake kulikuwa na kirundo kidogo cha mawe. Akakiongezea jiwe jingine.

"Alimfukuzia mama wimbo wake mpaka baa," alisema.

"Najua."

"Sasa anataka na baba."

"Najua, dada. Nakuomba tu ukae."

Mtu aweza kuwadharau wote wa dunia, lakini kuna mmoja aliyemlisha kwa mkono wake. "Nitakaa," akasema mwishowe. "Nitabeba sarangi. Neno baya juu yake halitanitoka. Lakini usiniombe zaidi ya hapo, Shabbir, wala hata kichwa sikitikisi."

Siku mbili kabla ya shughuli, Pathare alirudi peke yake. Kumbe huyu karani hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyebeba mwavuli wa mwenziwe maisha yake yote. Alikunywa chai, akauliza habari za watoto, halafu akasema, "Bwana mkubwa anauliza kama kuna desturi yoyote ya nyumba hii ambayo mwanafunzi anapaswa kuifanya pale jukwaani. Asije akakosea."

Neno moja lilitosha. Angemwambia: akitaja jina, aguse sikio. Mgeni angelifanya jambo lile vizuri kuliko mwanafunzi yeyote. Angeligusa na machozi yakamtoka, na kesho yake magazeti yangeandika kuwa Niyaz Ali alikuwa baba yake. Mehru alimwongezea karani chai.

"Mwambie afanye kama alivyofundishwa na mzee," akasema.

Pathare akamtazama kidogo juu ya kikombe. "Nitamfikishia hivyo hivyo," akasema, na hakuuliza tena.

Mtauliza, mtu huyu alikaa Bombay umri wote ule hakuwahi kuona mkono ukienda sikioni? Aliona, bila shaka. Lakini katika chumba cha Kedar Sabharwal jina la mtu mwingine lilikuwa halitajwi. Wapiga muziki walijua hivyo na walitaka kazi. Walimtaja yeye, wakambusu miguu yeye, na hivyo akazeeka akiwa hajasikia mtu akisifiwa mbele yake. Na kuona mkono wa mtu ukienda sikioni si sawa na wako kuijua njia hiyo.

Jumapili ukumbi ulijaa kweli. Waziri alikuja, akasinzia mapema. Nywele naye alikuja, amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Lakini safu tatu za mbele zilikuwa za watu wa muziki wenyewe, wazee wa ngoma za tabla, wa nyuzi za sitar na wa sauti, wenye shali kuukuu na vikopo vyao vya tambuu, waliokuja kutazama kama watu wanavyokwenda kutazama moto. Katikati yao alikaa Rahmat Khan, mpiga tabla aliyekuwa rafiki wa marehemu. Shabbir alikuwa pembeni ya jukwaa na bendi ya Kedar, kiti cha kwanza, fidla kidevuni. Mehru alikaa katikati kwenye zulia, sari nyeupe, sarangi mapajani, uso wake umetulia kama wa mtu anayengoja zamu hospitalini.

Kedar alivishwa shali. Alisimama mbele ya kipaza sauti, akasubiri kimya kiwe kizuri.

"Yote niliyo nayo," alisema kwa sauti ya kutetemeka, "nimepewa na ustadhi wangu, Niyaz Ali Khan wa Moradabad."

Mikono ikapanda. Safu tatu nzima za wazee, kama shamba likipigwa na upepo mmoja, vidole vikagusa masikio. Rahmat Khan akagusa. Mehru akagusa. Shabbir akauachia upinde mapajani, akagusa, na bendi yote nyuma yake. Mkono mmoja tu ulibaki chini, umeshika pindo la shali.

Kedar aliona masikio yanashikwa. Mtu huyu alikuwa amegombana na mafundi wa sauti maisha yake yote, na uzee ulikuwa umemtia uziwi ambao aliuficha kama wengine wanavyoficha upara. Akageukia pembeni ya jukwaa, akasema kwenye kipaza sauti, kwa ukali:

"Punguza sauti, wewe. Unawaumiza wazee masikio."

Fundi, maskini, akapunguza. Kedar akatabasamu kwa wazee kama mwenyeji mwema, akarudia: "Nilikuwa nikisema, ustadhi wangu, Niyaz Ali Khan."

Mikono ikapanda tena.

"Bado?" akasema Kedar. "Punguza zaidi bwana, nimesema."

Rahmat Khan akasema kutoka kwenye kiti chake, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyepiga mbele za watawala na hana haja ya kipaza sauti: "Punguza, mwanangu, punguza. Punguza mpaka asisikike kabisa."

Basi. Kicheko kilianza safu ya mbele kwa kikohozi, kikaenda nyuma kwa watu wasiojua wanacheka nini, kikamwamsha waziri, ambaye alidhani shughuli imekwisha, akapiga makofi. Nywele akavua miwani kutazama. Kedar naye akacheka pamoja nao, akawapungia mkono, akaamini amewafurahisha. Akasema jina mara ya tatu ili wafurahi zaidi.

Mehru hakucheka, wala hakutikisa kichwa, wala hakusema neno. Alishika ahadi yake yote, mpaka nukta ya mwisho.

Gazeti lile lile liliandika tena asubuhi, maneno machache kuliko yale ya kwanza. Mpaka mchana, mpiga muziki aliyetaka kumwambia mwenziwe anaongopa alikuwa akisema tu, "Punguza sauti."

Kedar alikuja siku ya tatu. Safari hii gari aliliacha mbali. Pathare alikuwa nyuma yake, na nyuma ya Pathare mpiga picha wa gazeti jingine. Shabbir, ambaye tangu Jumapili hakuwa amesema na dada yake zaidi ya "nipe chumvi," alifungua mlango. Mgeni aliingia, akakaa mkekani, na alipokwisha kuketi vizuri na mpiga picha amejiweka tayari, akasema kwa sauti kubwa:

"Nimekuja nyumbani kwa ustadhi wangu, Niyaz Ali Khan." Na kama alivyokwisha kuelezwa na watu nusunusu, akashika masikio yake yote mawili, kwa mikono miwili, akayavuta.

Kule kwao, anayeshika masikio yote mawili ni mtoto aliyekosa shuleni. Anayashika, anachuchumaa na kusimama, anachuchumaa na kusimama, mpaka mwalimu aridhike. Watoto wa Shabbir, waliokuwa wakichungulia pazia, walijua adhabu ile vizuri sana, mmoja akauliza, "Amefanya nini?"

"Moja, Kedarji," Mehru akasema. "Sikio ni moja. Lakini kwako wewe naona hayo mawili ndiyo yanafaa."

Kedar akayaachia. Uso wake ukabadilika, na kwa mara ya kwanza Mehru akamwona yule muuza vinanda, mtu mdogo mwenye kuogopa. Hakumwonea huruma. Alimtazama kama anavyotazama jiwe lililopita kwenye mchele uliokwisha chaguliwa.

"Sina ugomvi," Kedar akasema. "Picha moja. Mimi, dada, na sarangi. Shabbir, mwambie dada yako. Kiti chako bado kipo. Nimewaambia wasikiguse."

Mehru alikuwa tayari na jibu, tena la kukata. Lakini alilimeza, kwa sababu kiti kile hakikuwa chake, wala tumbo lililokingoja halikuwa lake peke yake. Alimtazama mdogo wake.

Shabbir alikuwa amesimama karibu na ukuta ilipotundikwa sarangi. Alitazama kamera. Alitazama sambusa ambazo mkewe alikuwa amekwisha kuzileta, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Halafu akaishusha sarangi ukutani, akaifunika na kitambaa chake chekundu, polepole, akikunja kila pembe kama baba yake alivyokuwa akifanya, na akaipeleka chumba cha ndani.

Aliporudi alikuwa mikono mitupu. "Karibu chai, Kedarji," akasema. "Inapoa."

Pathare ndiye pekee aliyekunywa. Aliinywa yote, akashukuru, akamfuata bwana wake kichochoroni.

Shabbir alikwenda kupiga kwenye bendi ya harusi, upande mmoja na yule yule mpiga tarumbeta aliyepata kuwa shemeji yake, na kila akirudi Mehru alimuuliza kama yule bado anapiga tarumbeta akiomba chumvi. Bado, Shabbir akasema. Jioni, kazi ikiwa hakuna, aliitoa sarangi na kuanza kuzisugua kucha zake laini juu ya nyuzi. Zilimuuma, na sauti iliyotoka ilikuwa mbaya. Mehru alikaa upande wa pili wa pazia na beseni lake.

"Tena," akasema. "Hiyo ya kabla ya hii."